Tarehe ya Viza Si Siku za Kukaa

Mama yangu mdogo, ambaye mji wake uko Kibosho, alisafiri kwenda Marekani kumtunza binti yake aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Alikwenda kumpikia mtori, kumwogesha mtoto na kumwelekeza mzazi mpya katika yale ambayo kwetu hufundishwa na mama na si na hospitali. Viza yake ilikuwa ya mwaka mmoja, na ukoo mzima, nikiwamo mimi niliyeishika ile pasipoti mikononi na kuisoma, tuliamini kwamba ana mwaka mmoja wa kukaa. Alikaa miezi minane. Alirudi kwa nauli yake, hakukamatwa na mtu, na siku ya kuondoka hakuulizwa neno lolote uwanjani. Miaka miwili baadaye mjukuu wa pili alipozaliwa, aliomba viza tena akanyimwa, na hapo ndipo tulipofahamu kwamba safari ile ya kwanza alikuwa amezidisha siku. Mwanamke ambaye hajawahi kuchelewesha hata mchango wa jumuiya aliwekwa katika kundi la waliovunja sheria ya nchi ya watu, naye hadi leo huona aibu kulizungumza.

Ninaandika haya kwa sababu kosa lake halikuwa la tamaa wala la ujanja. Lilikuwa kosa la kusoma, na sisi tulioisoma ile viza pamoja naye tulikosea vilevile.

Viza ni ruhusa ya kwenda kubisha hodi. Tarehe iliyoandikwa juu yake hueleza hadi lini unaweza kufika mlangoni, lakini siku utakazokaa ndani hupangwa na afisa wa uhamiaji unayemkuta pale unapoingia. Marekani kumbukumbu ya siku hizo huitwa I-94, na mgeni aliyekwenda matembezi kwa kawaida hupewa miezi sita. Siku hizi haitolewi kwenye karatasi kwa wanaoingia kwa ndege. Huhifadhiwa kwenye mtandao wa idara yao ya forodha na mipaka, na mwenye pasipoti anaweza kuifungua mwenyewe kwa simu akaiona tarehe yake ya mwisho. Mama mdogo hakuambiwa, na binti yake, ambaye alikuwa na kichanga cha kulea, hakukumbuka kuitazama. Miezi sita ilipokwisha, viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ilikuwa bado inaonyesha tarehe ya mbele, na sote tukaiamini ile tuliyoiona kwa macho.

Sheria ya Marekani husema kwamba anayepitisha tarehe ya I-94, hata kwa siku moja, viza aliyoingia nayo inakufa yenyewe, na baadaye hana budi kuomba upya katika nchi ambayo yeye ni raia. Hilo ndilo lililompata mama mdogo. Lakini zipo adhabu nzito zaidi, zilizowekwa na sheria ya mwaka 1996 na kuanza kuhesabiwa tarehe 1 Aprili 1997. Mtu mzima aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, kisha akaondoka kwa hiari yake, hazuiwi njiani. Anazuiwa kurudi kwa miaka 3. Aliyekaa bila ruhusa mwaka mmoja au zaidi anafungiwa miaka 10. Zipo nafasi za kuomba msamaha, ila ni finyu, na mara nyingi humhitaji mtu awe na mume, mke au mzazi mwenye haki ya kuishi kule.

Kwa msomaji wa Moshi, hesabu ya miaka kumi inaeleweka zaidi ikihesabiwa kwa Desemba. Sisi ni watu wa kurudi nyumbani Desemba. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari, migomba ya kihamba, shamba la ukoo, hupata wageni, na asiyeonekana huulizwa habari zake na kila anayepita. Adhabu hii ina fundo moja ambalo wengi hawalioni mpaka limekwisha kuwafunga: inaanza kufanya kazi pale mtu anapotoka. Akibaki ndani, kufungiwa hakujaanza. Akitoka kuja kumzika baba yake, mlango unafungwa nyuma yake. Kwa hiyo wapo ndugu zetu ambao walidhani wanaongeza mwaka mmoja wa kubeba boksi, kisha wakajikuta hawawezi kuja Desemba hii, wala ijayo, wala ile ya kifo cha mama, ambayo waliitazama kwenye simu huku padri akisoma sala ya mwisho kando ya kaburi lililochimbwa kati ya migomba waliyocheza wakiwa watoto. Nimeishika simu ya namna hiyo mazikoni, nikiielekeza kwenye jeneza kwa ajili ya mtoto wa marehemu aliyekuwa mbali. Sijui kazi nyingine iliyowahi kunielemea mkono kiasi kile.

Nchi nyingine zina hesabu zao. Uingereza hutoa viza za matembezi za miezi sita, na pia za miaka 2, 5 au 10, na hizi ndizo zinazowachanganya watu wetu zaidi, kwa kuwa hata mwenye viza ya miaka kumi haruhusiwi kukaa zaidi ya miezi sita kwa kila safari. Tangu Aprili 2017, aliyezidisha kwa zaidi ya siku 30 anaweza kufungiwa mwaka mmoja hata kama aliondoka kwa hiari na kwa nauli yake, na aliyefukuzwa au aliyetumia udanganyifu anaweza kufika miaka 10. Falme za Kiarabu hutoza faini ya dirhamu 50 kwa kila siku iliyozidi. Kijana wa Arusha anayekwenda Dubai kwa viza ya matembezi ili atafute kazi, akiambiwa na aliyemtafutia viza kwamba mambo yatanyooka huko huko, baada ya kuzidisha siku 100 anadaiwa dirhamu 5,000 kabla hajapata mshahara wa kwanza. Kuanzia Septemba hadi Desemba 2024 nchi hiyo ilitoa msamaha kwa waliokuwa wamezidisha, lakini msamaha wa aina hiyo hauna ratiba, na mtu hawezi kuupangia maisha yake.

Ulaya ya Schengen, yaani nchi 29 zinazotumia viza moja ya matembezi, inataka hesabu ya kweli kweli. Sheria ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Mwenye viza ya kuingia mara nyingi aliyeingia tarehe 1 Februari akatoka tarehe 1 Aprili ametumia siku 60. Akirudi tarehe 1 Juni, wengi watamwambia kwamba ana siku 90 mpya kwa sababu alikuwa ameshatoka. Hana. Amebakiwa na siku 30, na tarehe 30 Juni ndiyo ya mwisho. Zamani mhuri uliofifia ungeweza kumficha mtu. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kielektroniki unaoandika tarehe kila mgeni anapoingia na kutoka, ukimtambua kwa picha ya uso na alama za vidole, na kompyuta ndiyo inayohesabu.

Nimejiuliza kwa nini watu makini kama mama mdogo wanaanguka kwenye shimo hili, na jibu moja ninalolipata liko karibu sana na nyumbani. Sisi tumekulia kando ya mpaka mpole. Mtu wa Himo huvuka Holili kwenda Taveta, wa Rombo huvuka Tarakea, wa Longido huvuka Namanga, na kwa mujibu wa Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010, raia wa Afrika Mashariki huingia nchi jirani bila viza na kupewa hadi miezi sita ya matembezi. Ni jambo jema, na Arusha ndiko makao makuu ya Jumuiya yenyewe. Lakini limetuzoesha kuuona mpaka kama mahali pa kusalimiana, ambapo mtu akieleza vizuri ataeleweka. Mipaka ya mbali haina mazoea hayo. Haielezwi jambo, inasoma tarehe.

Jibu la pili linahusu maneno yetu. Kwenye hafla za kumuaga msafiri huwa hakosekani mzee au rafiki wa kumwambia “ukifika, usirudi mikono mitupu” au “jipange huko huko,” na watu wakacheka kwa kukubaliana. Tumeyapa majina mepesi mambo mazito: huyu amezamia, yule amejilipua, mwingine anatafuta makaratasi. Na hapo kuna jambo linaloniumiza. Vijana wa Kiethiopia wanapokutwa wamebanana ndani ya lori katika mikoa yetu hii ya kaskazini, tunawaita wahamiaji haramu bila kusita, ilhali wengi wao wanapita tu wakielekea kusini kutafuta maisha. Mtoto wetu aliyezidisha miaka minne ughaibuni tunasema anahangaika. Ningependa tuchague neno moja la haki kwa wote wawili, na ningependa liwe lile la huruma, lakini huruma hiyo isituzuie kumwambia mtoto wetu ukweli kabla hajapanda ndege.

Maana gharama sasa imehama kutoka kwa aliyezidisha ikawafikia ambao hawajawahi kutoka Moshi. Mwezi Oktoba 2025 Marekani iliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi au biashara anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, inayorudishwa akitoka kwa wakati na kupotea akizidisha. Kabla watu hawajamaliza kulijadili hilo, tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiweka Tanzania miongoni mwa nchi ambazo raia wake wamezuiwa kwa sehemu kupata viza kuanzia tarehe 1 Januari 2026, zikiwamo viza za matembezi na za wanafunzi, na sababu iliyotajwa ni wingi wa waliozidisha muda. Ninaamini kwamba ni dhuluma kumzuia bibi wa Machame asimwone mjukuu wake kwa kosa la mtu asiyemfahamu, na sioni haya kulisema. Hata hivyo, takwimu zile hazikutungwa na watu wa Machame wala kufutwa na malalamiko yangu. Zimejengwa na mtu mmoja mmoja, wakiwamo wale wa miezi minane ambao hawakukusudia.

Kwa hiyo ninaitaka serikali yetu ifanye jambo ambalo liko ndani ya uwezo wake. Mwananchi analipa shilingi 150,000 kupata pasipoti. Apewe, pamoja na kitabu hicho, ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaoeleza tofauti ya muda wa viza na siku za kukaa, jinsi ya kuitafuta tarehe yake, na kwamba maombi ya kuongezewa muda hupelekwa kabla tarehe haijapita. Kule Marekani fomu yake ni I-539, na wanashauri ipelekwe angalau siku 45 kabla. Binti ya mama mdogo angeijaza kwa wakati, akaeleza hali ya mtoto, na mama angesubiri jibu bila siku zile kuhesabiwa kuwa za kukaa kinyume cha sheria. Hapa Moshi tuna chuo cha uhamiaji, TRITA, ambacho hufundisha maofisa wanaogonga mihuri. Kingeweza kabisa kutenga siku kadhaa kwa mwaka, hasa Desemba watu wanaporudi, kikawafundisha wananchi wanaogongewa. Mawakala wanaotoza fedha kwa kujaza fomu za viza nao wangepaswa kulazimishwa kumsomea mteja masharti kwa lugha anayoielewa, na akatia saini kwamba ameyaelewa.

Mwenyeji aliyeko nje ana wajibu mkubwa kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua nchi. Anayeandika barua ya mwaliko ajue pia tarehe ya mgeni wake, hata kama kuitaja kutaonekana kama kumfukuza mzazi. Najua ugumu wake. Katika desturi zetu mwenyeji hamuulizi mgeni anaondoka lini, na mama akisema abaki mpaka mtoto aote meno, ni nani wa kumkatalia?

Machi mwaka huu mpwa wangu alipata viza ya kwenda Ujerumani kumtembelea kaka yake. Siku ya kumuaga niliiomba pasipoti, tukaisoma pamoja mezani, yeye, mimi na mama mdogo. Viza ilisema inatumika kuanzia tarehe 5 Machi hadi 18 Aprili; mstari wa siku za kukaa ulisema 30. Angeingia tarehe 6 Machi, kwa hiyo siku yake ya mwisho ilikuwa tarehe 4 Aprili, na tiketi aliyonunuliwa na kaka yake ilikuwa ya kurudi tarehe 6, ili wale Pasaka pamoja. Mama mdogo ndiye aliyeziona hizo siku mbili, akazihesabu kwa vidole mara tatu, kisha akaagiza kaka apigiwe simu pale pale. Kaka alilalamika, kwa sababu kubadili tiketi kulimgharimu, na wala sikumlaumu. Jumamosi usiku tarehe 4 Aprili tulikwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, kumpokea, na Pasaka aliila Kibosho.