Mzigo Ule Ulikuwa wa Nani?

Juzi jioni, barazani kwetu Langoni, hapa Lamu, kijana wa jirani aliitwa akaambiwa afute video aliyoirusha kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Akaifuta. Tulikuwa watu watano pale, wote wakubwa wake, na hakuna aliyemtetea. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watano, na tangu siku ile moyo haujatulia.

Video yenyewe haikufika dakika moja. Punda amepiga magoti kwenye ngazi za kichochoro kinachopanda kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Mgongoni ana mifuko 3 ya saruji, kilo 50 kila mmoja. Ni kama watu wazima wawili kumpanda kwa pamoja. Shogi, tandiko la kubebea mzigo, limesogea upande, na pale lilipokuwa limekaa pana kidonda kibichi, nzi wamekitanda. Anayemswaga anampiga ufito papo hapo penye kidonda, na punda anainuka.

Kijana alijaribu kujitetea. "Ami, sikumsingizia mtu." Akajibiwa, "Mwanangu, si kila la kweli husemwa. Unaharibu jina la mji."

Jina la mji! Tangu mwaka 2001 Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na wageni huvuka bahari kuja kuona vichochoro visivyopita magari. Lakini mji usio na magari ni lazima ubebwe. Mawe ya Manda, mchanga, kokoto, boriti, magunia ya mchele, mpaka jokofu la bibi harusi, yote haya hupita juu ya mgongo wa punda, na pasipopita punda hupita bega la hamali. Sehemu kubwa ya sifa tunayojivunia ni jasho la punda. Tukimnyamazia ili sifa hiyo isichafuke, tunamtwika mfuko wa nne.

Watu hudhani uhuru wa kusema ni jambo la wanasiasa na waandishi wa habari. Sisi wa Lamu tungepaswa kujua zaidi. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe ulipoletwa Kwasasi, huku huku Lamu, watu wa hapa walisema, wakaandamana, wakaenda kwenye mahakama ya mazingira, na Juni 2019 leseni ya mradi ikafutwa. Siku zile hatukumwambia mtu kwamba anaharibu jina la mji. Tulisema kwa sababu madhara yangetufika sisi. Uhuru wa kusema unapimwa pale madhara yanapomfika asiyeweza kusema. Punda hana kura, hana mzee wa mtaa, hana mahali pa kupeleka malalamiko. Alichonacho ni macho ya mpita njia na ulimi wake. Anayemnyamazisha mpita njia amemziba punda kinywa cha pekee alichokuwa nacho.

Tena hoja ya "punda ni mali yangu" naisikia kila siku, na inanishangaza kuisikia kwa watu tuliosoma nao Kurani chuoni. Sote tulifundishwa hadithi ya Mtume ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia vya ardhini. Paka alikuwa mikononi mwake, na kule kuwa mikononi mwake ndiko kulikomtia hatiani. Huko Uingereza, mwanafalsafa Jeremy Bentham aliandika mwaka 1789 kwamba swali si kama mnyama ana akili au anaweza kusema, bali kama anaumia. Ni neno zuri. Lakini hapa kwetu lilikuwa limeshafika kwa njia nyingine, zamani, nasi tumelikariri mpaka tukaacha kulisikia.

Na sheria ipo. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inataja kumpiga mnyama kikatili na kumtwika kupita kiasi, yote makosa.

Kuna jambo moja nitawakubalia wazee, ingawa kwa uzito. Uso wa yule mswaga punda ulionekana waziwazi. Kifungu cha 33 cha Katiba kinachotupa uhuru wa kujieleza kinatutaka pia tuheshimu haki na heshima ya wengine, na mswaga punda yule ana mama, naye mama ana simu. Analipwa kwa safari. Punda si wake. Saruji si yake. Akibeba mfuko mmoja mmoja, siku inakwisha hajapata pesa ya unga. Video ile ilimwanika mtu mnyonge kuliko wote waliohusika, ukimtoa punda. Ingefaa uso ufichwe, kidonda kibaki.

Lakini hapo ndipo ninapokasirika zaidi, maana siku nzima kikundi chetu cha WhatsApp kilimtukana mswaga punda yule na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza saruji ni ya nani. Tunasema "punda afe, mzigo ufike" kama kwamba mzigo umejituma wenyewe. Kuna aliyeununua, akapatana bei ya chini kwa safari, akataka ufike kabla ya adhuhuri. Huyo hakuonekana kwenye video na hakuitwa barazani.

Yapo mengine ambayo yangetaka siku yake. Biashara ya ngozi ya punda, iliyofunguliwa vichinjio hapa Kenya, ikapigwa marufuku 2020, marufuku ikatenguliwa mahakamani 2021, mpaka Umoja wa Afrika ulipoamua Februari 2024 kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Na punda mzee aliyevunjika mguu, ambaye mwenyewe anakataa daktari asimdunge sindano ya kumpumzisha kwa kuwa roho hutolewa na Mungu, kisha anamwacha ajikokote jalalani wiki mbili. Mimi naona kumwacha vile nako ni uamuzi wetu, si wa Mungu. Na kisingizio cha gharama hakipo, maana hospitali ya punda iko hapa hapa mjini tangu 1987 na hutibu bure.

Jana nilikwenda kwa kijana wa video nikamwomba radhi kwa kunyamaza. Alinisikiliza, kisha akauliza kwa upole, "Na ile saruji ya paa la mama yako, mwezi wa Shaaban, ilikujaje?"

Ilikuja mitatu mitatu. Mimi ndiye niliyepatana bei. Imebaki mifuko 30 gatini ya kumalizia ukuta wa nyuma, na asubuhi hii nimemwambia fundi itapanda mmoja mmoja, safari 30, kila moja kwa bei ile ile ya safari ya mitatu.