Nusu Yangu Iko Wapi?

Jamani, serikali ya Uingereza imegundua kuwa mimi ni tajiri. Imeniletea barua kabisa: riba ya akaunti ya pamoja, mimi na mama Zuhura, ilikuwa pauni 1,400, kwa hiyo 700 ni zangu.

Zangu? Mle ndani mimi ni jina tu! Kuweka naweka, kutoa ndiyo siwezi. Kadi anayo yeye, namba ya siri anayo yeye. Ni hela ya kujengea Kigamboni, nikiuliza imefika ngapi, naambiwa, "Baba Zuhura, wewe kula ulale."

Lakini sheria ya huku haiulizi nani anashika kadi. Mke na mume mkiishi pamoja, riba inapasuliwa katikati. Kuna Fomu 17 ya kubadilisha mgawo, nikaikimbilia. Kumbe akaunti za benki kama yetu kwa kawaida haziingii humo.

Sasa sikia uchungu. Mwenye kipato cha wastani anasamehewa kodi kwenye riba ya hadi pauni 1,000. Kipato kikivuka pauni 50,270 kwa mwaka, msamaha unashuka hadi 500. Na mimi na ovataimu zangu za usiku nimevuka! Mama Zuhura 700 zake zimepita bure, na nafasi ya 300 imebaki haina kazi. Mimi zile 200 zilizozidi natozwa asilimia 40. Pauni 80, kwa hela ambayo hata harufu yake siijui! Tena wameshabadilisha namba yangu ya kodi kazini, wananinyofoa humo humo kwenye mshahara.

Zamani, kabla ya Aprili 1990, mapato ya mke yalihesabiwa kuwa ya mume, na fomu alijaza mume. Ulikuwa ubaguzi, sibishi. Ila angalau mume alijua mkewe ana ngapi!

Dawa ipo, na ni halali: mke na mume kupeana hela hakuna kodi. Nikapiga hesabu, nikamwambia tuhamishe elfu kumi kati ya pauni elfu thelathini na tano zilizomo ziende kwenye akaunti yake peke yake, hapo hakuna atakayelipa hata senti.

"Elfu kumi za nini? Hamisha zote."

Nikamweleza taratibu: zikienda zote, riba yake itapita 1,000, zile 400 za juu atatozwa asilimia 20, na hiyo ni 80 ile ile.

"Hiyo themanini nitalipa mwenyewe."

Tangu nimuoe sijamsikia akijitolea kulipa kitu haraka namna ile.