Jua la Asubuhi na Umanjano wa Watoto Wachanga

Mama anayeruhusiwa kutoka wodi ya uzazi jijini Nairobi huondoka na ushauri ambao ataambiwa tena nyumbani na mama mkwe na majirani: mtoto akianza kuwa wa manjano, umwoteshe jua la asubuhi. Madaktari wengi wa watoto hawaupendi ushauri huo, ila kuuita ushirikina si haki.

Mwanga kweli hutibu umanjano. Mnamo 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward, aliyezoea kuwatoa watoto nje wapate jua, alionyesha mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imefifia manjano mahali palipopigwa na jua. Mwaka wa 1958 daktari Richard Cremer na wenzake wakachapisha matokeo ya tiba ya taa. Seli nyekundu za damu zinapovunjika hutoa bilirubini, kemikali ya manjano ambayo ikijaa mwilini ndiyo umanjano wenyewe, na ambayo ini changa la mtoto bado haliwezi kuishughulikia upesi. Mwanga wa bluu huibadilisha umbo ili itoke kwa nyongo na mkojo. Jua lina mwanga huo kwa wingi. Zaidi ya hayo, utafiti wa Lagos, Nigeria, uliochapishwa 2015, ulionyesha kwamba jua lililochujwa kwa karatasi maalumu ya plastiki halikuwa duni kuliko taa.

Hata hivyo, watoto wa Lagos walikaa saa nyingi chini ya kivuli kilichozuia miale inayounguza, huku wauguzi wakipima joto la mwili na bilirubini yao. Mtoto wa mtaa wa Pipeline, Embakasi, jijini Nairobi, ambako ghorofa zimebanana hata nyumba za chini huhitaji taa mchana, hupelekwa kwenye paa kwa dakika kumi akiwa na kofia na shali, mwanga ukamfikia usoni tu. Mwezi wa Julai jua lenyewe huenda lisionekane asubuhi nzima. Akivuliwa nguo ili mwanga umfikie vizuri, anaweza kupatwa na baridi au kuungua, na hakuna anayejua kiwango cha bilirubini kimepanda au kimeshuka.

Lazima pia tukiri upungufu wa hospitali. Taa ya tiba inaweza kuwaka vizuri machoni ilhali nguvu yake imekwisha, na pasipo kifaa cha kuipima hakuna atakayejua. Watoto wakilazimika kushiriki mashine moja, kila mmoja hupata mwanga pungufu. Umeme hupotea. Mama aliyejifungua juzi akikosa kitanda karibu na mwanawe, kumnyonyesha mara nane hadi kumi na mbili kwa siku kunakuwa mateso, na upungufu wa maziwa huongeza umanjano uleule unaotibiwa. Ninamwelewa anayeona afadhali jua la nyumbani.

Kwa maoni yangu, madhara makubwa ya jua hilo ni siku linazozila. Bilirubini kwa kawaida hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, mama akiwa amekwisha kwenda nyumbani, ilhali miadi anayoikumbuka zaidi ni ya chanjo ya wiki ya 6. Ikipanda mno huingia kwenye ubongo, na mtoto anaweza kubaki kiziwi au asiyeweza kutawala viungo vyake maisha yake yote. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2022, lilitaka kila mtoto apimwe kwa kifaa kinachowekwa juu ya ngozi kabla ya kuruhusiwa, kwa kuwa macho hudanganya, hasa kwenye ngozi nyeusi.

Kifaa hicho kikikosekana, muuguzi bado anaweza kumpa mama tarehe ya kurudi siku ya tatu, na kumweleza kwamba umanjano unaoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, nyayo za manjano, kulegea au kukataa kunyonya havingoji kupambazuke. Amweleze pia kuhusu umanjano unaopita siku 14 huku choo cha mtoto kikiwa cheupe kama chokaa: huenda njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufaulu zaidi mtoto akiwa hajatimiza miezi miwili.