Asilimia 19.9: Eksosomu za Mimea na Uso Unaopona Wenyewe

Mwaka 2020 watafiti wa Korea Kusini walichapisha matokeo ya jaribio dogo lakini lililopangwa vizuri. Watu 25 wenye makovu ya chunusi walifanyiwa leza ya kaboni dayoksaidi usoni kwa awamu tatu, na baada ya leza nusu moja ya uso ilipakwa jeli yenye eksosomu, yaani vifuko vidogo mno ambavyo seli huvitoa nje vikiwa na ujumbe wa kikemikali, huku nusu ya pili ikipakwa jeli isiyo nazo. Kufikia wiki ya 12, alama za kipimo cha makovu zilikuwa zimepungua kwa asilimia 32.5 upande wa eksosomu na kwa asilimia 19.9 upande wa pili. Wekundu nao ulikuwa hafifu zaidi upande wa kwanza, na siku za kupona zilikuwa chache. Ni matokeo ya kutia moyo, na biashara ya eksosomu za ngozi inayapenda kwa haki. Ila eksosomu zile zilitoka kwenye seli shina za mafuta ya mwili wa binadamu. Hazikutoka kwenye waridi, wala shubiri, wala tangawizi.

Mzozo uliopo sasa unahusu hasa eksosomu za mimea, zinazopakwa kwenye ngozi iliyotoka kwenye leza, sindano ndogondogo au kemikali za kuchubua. Watetezi wake wanasema ni njia halali na salama ya kuituliza ngozi iliyojeruhiwa kwa makusudi. Wanaopinga husimuliwa kama watu wasiopenda mambo mapya, au madaktari wanaochungulia mfuko wa mwenzao. Nimefuatilia hoja zao kwa muda, na naona zinasimuliwa vibaya. Wengi wao hawasemi kwamba mimea haina vifuko hivi, wala hawasemi kwamba havitakuja kufaa. Wanachosema ni kwamba takwimu ya seli za binadamu imeazimwa kwa ajili ya mmea, na kwamba uso uliotoka kwenye leza hupona hata usipopakwa chochote cha ajabu.

Hata hivyo, wanaotetea mimea wana sababu nzito, na si za kubuni. Kanuni ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya, namba 1223 ya mwaka 2009, inakataza seli, tishu na mazao yenye asili ya binadamu kutumiwa katika vipodozi, hivyo kampuni inayotaka kuuza eksosomu Paris au Berlin kama kipodozi lazima itafute chanzo kingine, na seli za mmea zilizokuzwa maabarani ni chanzo kisichokwisha na kisichohitaji idhini ya mtu yeyote aliyetoa mafuta yake. Marekani nako, Desemba 2019, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kudhurika vibaya kwa bidhaa zilizouzwa kama eksosomu, ikakumbusha umma kwamba hakuna bidhaa ya aina hiyo iliyokwisha kuidhinishwa. Tena kuna kivuli cha damu. Mwaka 2024 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilieleza jinsi wateja wa spa moja mjini Albuquerque, iliyofungwa mwaka 2018, walivyoambukizwa VVU kupitia sindano za usoni zilizotumia damu ya mteja mwenyewe, mahali ambapo vifaa vya kutumiwa mara moja vilitumiwa tena. Kisa hicho hakikuhusu eksosomu, lakini mtu aliyekisoma ana haki ya kupumua akiambiwa kwamba kilichomo kwenye chupa kimetoka kwenye ua. Ni kweli pia kwamba ua halina VVU. Sindano iliyotumiwa mara mbili, kwa upande wake, haijali ulichopaka juu yake.

Hoja ya kibiolojia nayo si ya kupuuzwa. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba Arabidopsis, mmea mdogo unaopendwa na maabara, hutuma RNA ndogo, molekuli zinazoweza kuwasha au kuzima jeni, ndani ya vifuko hadi kwenye kuvu wa ukungu wa kijivu, na huko RNA hizo hunyamazisha jeni ambazo kuvu huyo huzitumia kushambulia. Kwa hiyo vifuko vya mimea hubeba ujumbe, na kiumbe wa ukoo mwingine huupokea. Lakini mmea na kuvu wake wamezoeana kwa uadui wa zama nyingi, na shavu la binadamu halimo katika historia hiyo. Mwaka 2012 kundi moja la watafiti lilidai kwamba RNA ya mchele hupatikana katika damu ya watu, na kwamba katika panya hubadilisha kazi ya jeni kwenye ini. Mwaka uliofuata wengine walijaribu kuirudia kazi hiyo bila kupata matokeo yale. Zaidi ya hapo kuna tafiti za seli kwenye visahani vya maabara, ambamo vifuko vya ngano, kwa mfano, vilizifanya seli za ngozi ziongezeke na kuziba mkwaruzo. Kisahani ni mwanzo mzuri. Hakina jua, wala jasho, wala mikono inayojishika uso.

Jina lenyewe lina utata. Eksosomu, kwa wanaojali maana yake, ni kifuko kinachozaliwa ndani ya seli na kutolewa nje kwa njia mahususi, chenye upana wa nanomita (sehemu za bilioni za mita) 30 hadi 150 hivi. Jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa vifuko hivi, katika miongozo yake ya 2018 na 2023, imewasihi waandishi wasilitumie neno hilo pale ambapo asili hiyo haijathibitishwa. Vifuko vingi vya mimea vinavyochunguzwa hupatikana kwa kusaga au kukamua tunda, mzizi au jani, kisha kuchuja na kuzungusha kwa mashine za kasi, na blenda haiulizi kama kifuko kilikuwa ndani ya seli au nje yake. Ndiyo maana watafiti waangalifu husema vifuko vya nano vya mimea, au vifuko vinavyofanana na eksosomu. Yale mabilioni ya chembe yanayoandikwa kwenye lebo nayo yasomwe kwa tahadhari, kwa sababu mashine za kuhesabu chembe kwa mwanga huhesabu kila kinachoelea, kiwe kifuko, kipande cha utando au donge la protini.

Nirudi sasa kwenye jaribio la Korea, na hasa kwenye namba ambayo watu hawaitaji: 19.9. Huo ndio upande uliopakwa jeli isiyo na eksosomu. Karibu moja ya tano ya alama za makovu ilipungua upande huo kwa sababu ya leza yenyewe, kwa sababu ya muda, na kwa sababu ngozi ikichokozwa kwa kipimo hujenga kolajeni mpya, protini inayoipa ngozi uimara. Chukua mteja mmoja aliyefanyiwa leza, akapewa chupa ya vifuko vya waridi, akajipiga picha kabla na baada ya miezi mitatu. Tuseme chupa ile haikufanya lolote. Bado ataona makovu yamefifia, na kwa namba za jaribio hili atakuwa ameona sehemu kubwa ya kile alichokiona mwenzake aliyepakwa eksosomu halisi za binadamu, maana tofauti kati ya pande mbili ilikuwa pointi 12.6 tu juu ya 19.9 zilizokuja bila eksosomu. Wekundu wake pia utakuwa umeisha, kwa kuwa wekundu wa leza huisha. Mteja huyo hadanganyi anaposema imemsaidia. Daktari aliyemhudumia naye hadanganyi, kwa kuwa wateja wote aliowapaka wamepona, na wale ambao hakuwapaka pia wamepona ila hakuna aliyewapiga picha kwa bidii ileile. Eneo zima hili la tiba limejengwa juu ya majeraha yanayopona yenyewe, na katika eneo la namna hiyo ushuhuda wa watu waaminifu hauwezi kuchukua nafasi ya nusu ya pili ya uso. Hili ndilo wenye mashaka wanalolisema, na sioni chuki yoyote ndani yake.

Kuna na jambo la mlango. Ngozi isiyo na jeraha haikaribishi wageni wakubwa. Tangu mwaka 2000 wanasayansi wa ngozi wanataja kikomo cha takriban daltoni 500, kipimo cha uzito wa molekuli, kwa molekuli inayotaka kupenya, na kifuko cha nanomita 100 ni jitu mbele ya kikomo hicho. Wauzaji wanalijua hilo, na ndiyo sababu wanapendekeza kipakwe mara tu baada ya sindano au leza, wakati matundu bado yako wazi. Hapo ndipo sheria na matumizi vinapoachana. Kipodozi, kwa maana ya kisheria, ni kitu cha kugusa sehemu za nje za mwili, na usalama wake hupimwa kwa dhana hiyo. Kikisukumwa chini ya ngozi, kimeingia kazini bila kufanyiwa usaili. Mwaka 2014 jarida la Marekani la madaktari wa ngozi liliripoti wanawake watatu waliopata vinundu vya uvimbe sugu usoni baada ya kufanyiwa sindano ndogondogo pamoja na vipodozi vya kupaka, wawili wao wakiwa wametumia seramu ileile ya vitamini C. Vitamini C ni kitu ambacho watu hula kwenye chungwa kila siku bila kudhurika. Basi neno «asili ya mmea» lina uzito mdogo sana mara ngozi inapotobolewa, na mtu mwenye mzio wa chavua au wa mmea fulani angepaswa kuulizwa kabla ya chupa kufunguliwa.

Kwa ngozi nyeusi hesabu inabadilika kidogo, na hapa natambua kwamba ahadi ya vifuko hivi inavutia zaidi. Jeraha dogo ambalo kwa mtu mweupe huacha wekundu wa wiki moja, kwetu huweza kuacha doa jeusi la miezi. Kinachopunguza uvimbe mapema, kama kweli kinaupunguza, kinaweza kumwokoa mtu na doa hilo. Lakini kipimo cha wekundu kinachotumiwa katika tafiti hizi kinasomeka vibaya kwenye ngozi nyeusi, na watu 25 wa Korea hawawezi kutusemea kuhusu madoa yetu. Tanzania, tangu mwaka 2019, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Chupa inayoingia nchini kama kipodozi, kisha ikamiminwa juu ya uso uliotobolewa kliniki, inasimama katikati ya ofisi hizo mbili, na sidhani ni haki kumwachia mteja kazi ya kutambua ni ya upande upi.

Kuna kitu kingine ambacho kingepaswa kuwamo kwenye mjadala huu na hakimo, kwa kuwa hakina wa kukitangaza. Mwaka 1996 jaribio la Marekani liliwachukua wagonjwa 922 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi, nusu wakapakwa mafuta ya mgando yasiyo na dawa na nusu wakapakwa malhamu ya antibiotiki. Vidonda vilipona sawa, tofauti ya maambukizi haikuwa ya maana kitakwimu, na waliopata mzio wote wanne walikuwa upande wa antibiotiki. Mafuta ya mgando, kuosha uso taratibu na kujikinga na jua ndiyo ushauri wa kawaida baada ya leza, na ni wa bei ya kopo moja la dukani. Vifuko vya waridi vikija kupimwa kwa uaminifu, kwa watu wa rangi zote, jeli tupu isiyojulikana haitatosha kuwa mshindani wao. Kopo hilo ndilo lipakwe kwenye nusu ya pili ya uso.