Mnione Hivi, Tulizaliwa Tisa

Jumamosi iliyopita mke wangu alikwenda harusini peke yake. Mimi nilipigwa marufuku. Ati nikiona sinia la pilau mbele za watu nageuka kiumbe kingine, na yeye amechoka kuulizwa na wenzake wa chama, "Mama Zawadi, kwani huyu baba humpikii?"

Ananipikia jamani! Ila mimi ni wa saba katika watoto tisa, huko Butere, magharibi mwa Kenya, na wewe uliyelelewa mkiwa wawili huwezi kunielewa. Kwetu ugali uliwekwa katikati, mboga bakuli moja. Kuku, siku ya mgeni, sisi tulimwona mgongo tu akipelekwa sebuleni. Aliyepuliza tonge lipoe alirudi akakuta bakuli limeshalambwa. Hii kasi ninayochekwa nayo sikuitafuta, niliipata kama wengine walivyorithi pua ya baba yao.

Leo nina miaka 43, naishi Umoja, Nairobi, sahani ni yangu peke yangu. Lakini mkono wa kushoto haujaambiwa. Bado unaizungushia sahani ukuta. Kule kibandani Industrial Area tunakokula githeri, wenzangu wakirudi kutoka kunawa mikono mimi nachokonoa meno. Kuna fundi aliniuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima kabisa, nilifungwa jela gani.

Mwaka wa 2004 ilipoanza ile amri ya marehemu Michuki, waziri wa uchukuzi, kwamba matatu za nissan zibebe abiria 14 na kila mtu afunge mkanda, wengine walilalamika nauli. Mimi karibu nilie kwa furaha. Kiti changu! Hakuna dada aliyelalia mguu wangu! Basi unafikiri nilijifunza kukaa? Wapi. Hadi leo makanga akisema "songa kidogo" pale Jogoo Road, mimi husonga mpaka nusu ya tako inaning'inia hewani. Makanga wananipenda kuliko wakwe zangu.

Na simu, aah, simu naongea kama ninayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Katika watu tisa, usipopaza sauti, viatu vyako vitavaliwa na mwingine mpaka viishe. Kwa hiyo gari zima linajua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, inanidai ngapi. Juzi mama mmoja alishuka akaniambia, "Pole, Mungu atafungua njia."

Mwenzangu naye ni mtoto wa pekee, kazaliwa na kukulia Buruburu. Finyango moja anaitafuna mpaka taarifa ya habari inaisha. Akikasirika ananyamaza, kwa sababu kwao ndivyo walivyogombana. Mimi kwetu kimya kilimaanisha mtu amelala, kwa hiyo mwaka wa kwanza wa ndoa nilinuniwa mara nyingi tu bila habari, nikidhani nimeoa mwanamke mpole. Ndugu zangu wakija hawabishi hodi, wanapita moja kwa moja hadi jikoni kufunua sufuria. Mama yangu anasema huo ni upendo. Mke wangu ana neno lingine, ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa shemeji zake wana simu.

Tulikubaliana binti yetu afuate tabia za mamake. Ana miaka minne, hana ndugu, hana wa kugombania naye hata ganda la ndizi. Amefundishwa kusema asante, kutafuna akiwa amefunga mdomo, kungoja wakubwa waanze.

Sasa hiyo Jumamosi tukaachiwa pilau, kuku, na onyo. Nikapakua sahani mbili, kwa ustaarabu. Zawadi akakunja mikono, akaomba dua ndefu, akawakumbuka hadi majirani. Nilijivunia. Nikageuka nyuma kuchukua chumvi, sekunde mbili hivi, nikarudi. Paja langu halikuwepo. Mtoto alikuwa anatazama dirishani, mashavu yamefura, mkono wa kushoto umeizunguka sahani.