Fowili Zenu, Mchanga Wetu

Mimi ni mshoni. Nashona kanzu, sare za shule, na suruali za watu wanaonenepa Ramadhani badala ya kukonda. Gari sina, leseni sina, na baiskeli yangu breki yake ni ndala. Lakini hapa Mambrui, pwani ya Kenya, ukiuliza habari za kuendesha gari mchangani utaletwa barazani kwangu, kwa sababu nyumba yangu ndiyo ya mwisho yenye kivuli kabla njia ya baharini haijawa mchanga mtupu. Kila anayenunua fowili, gari la kusukumwa na magurudumu yote manne, pale Malindi, Jumapili ya kwanza anavuka daraja la mto Sabaki aje kuijaribu kwetu. Anapita mlangoni pangu vioo juu, muziki unatetemesha sufuria za mke wangu, vumbi lote linatua kwenye kanzu nyeupe ya mteja. Kidogo tu, namwona anarudi kwa miguu, viatu mkononi.

Hapo ndipo adabu hurejea. "Shikamoo, mzee wangu." Marahaba. Alipopita hakuniona, nilikuwa nguzo ya stima. Sasa nimekuwa mzee wake.

Serikali yetu ina sheria kwamba gari la mtumba lililopita miaka 8 haliingii nchini. Na kabla halijapakiwa melini linakaguliwa huko huko linakotoka, mpaka chini ya bodi. Vizuri sana. Sasa huyu anayekabidhiwa ufunguo, nani kamkagua?

Swali langu la kwanza huwa moja: "Upepo umetia ngapi?"

"Thalathini na tano, mzee. Nimetoka kujaza sasa hivi!" Anasema kwa fahari, kama mtoto aliyemaliza juzuu.

Yaani ametoka Malindi akiwa tayari kuzama. Tairi lililojaa 35, kwa kipimo cha PSI, linasimama wima, linakata mchanga. Ukilipunguza mpaka 18 linalala, linarefuka, uzito wa gari unaenea mahali pakubwa. Ukishanasa hasa unashuka hadi 15, ila hapo uendeshe taratibu na usikate kona kwa ghafla, maana tairi litachopoka kwenye rimu. Jambo jepesi, linataka kijiti cha kubonyeza tu. Lakini jamani, watu wanavyoulilia upepo! Kitu walichopewa bure stesheni ya petroli. Nikianza kubonyeza, mwenye gari anasimama kando ameshika kiuno, uso wa msiba.

Halafu anauliza, "Nikiutoa nitaurudisha wapi?" Hapo angalau ameuliza la maana. Kwa sababu ukirudi kwenye lami na 18 yako ukaanza kukimbizana na mabasi ya Garsen, tairi litapata moto na litapasuka. Inatakiwa uwe na pampu ndogo ile ya kuchomeka kwenye umeme wa gari, na kipimo chako mwenyewe. Ukimuuliza hana. Ana taa sita juu ya paa, ana chuma mbele cha kugongea ng'ombe, ana picha ya simba kwenye mlango. Pampu hana.

Wengine upepo wameupunguza, na bado wamezama. Ukichungulia ndani, kile kigingi cha pili karibu na gia hakijaguswa tangu gari lishuke Mombasa. Gari linasukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, mwenyewe anadhani fowili hujiwasha yenyewe ikiona mchanga. Mengine yanafanya hivyo, si yote. Na yale ya zamani yana kizibo katikati ya gurudumu la mbele, sharti ushuke ukizungushe kwa mkono kabla hujavuta kigingi. Na ukirudi kwenye lami kavu, toa fowili. Magari mengi ya aina hiyo hayana kinachoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yapishane mwendo kwenye kona, basi vyuma vinabanana huko chini mpaka kimoja kikubali kuvunjika. Mafundi wa Malindi wanalijua hilo na hawasemi. Wana watoto wa kusomesha.

Lakini aliyenimaliza ni mmoja aliyetoka bara, gari linameta, ana kofia ya kwenda kuwinda. Gurudumu za mbele zinazunguka, za nyuma zimetulia kabisa. Tukapunguza upepo. Tukachimba. Tukaweka makuti. Nyuma kimya. Nikalala chali mchangani, umri wangu huu, nikachungulia chini ya gari. Hakuna propela shafti, ile nondo ya kupeleka nguvu nyuma. Hakuna difu ya nyuma. Gari lenye bodi ya fowili, bei ya fowili, maringo ya fowili, na magurudumu mawili tu yenye kazi. Magari ya hivyo yanatengenezwa, ni halali, yanafaa sana mjini. Lakini muuzaji hakumwambia, na yeye hakuinama akatazama. Sasa mimi, mshoni, ndiye nimpe taarifa? Mbele ya mkewe? Nikainuka, nikajifuta mchanga, nikasema, "Kaka, hili gari ni zuri kwa lami." Mkewe alielewa kabla yake.

Na wale vijana wa ufukweni, Mungu awasamehe. Gari likishaanza kuzama wanajitokeza nyuma ya minazi wote kwa pamoja, wanapiga makofi: "Kanyaga, bosi! Kanyaga! Inatoka hiyo!" Haitoki. Kukanyaga mafuta mchangani ni kujichimbia. Gurudumu likizunguka bila kusogea, ondoa mguu hapo hapo, jaribu kurudi nyuma kwenye njia zako ulizokuja nazo, polepole. Ikikataa, shuka uchimbe mbele ya kila gurudumu na uondoe mchanga uliobeba tumbo la gari. Vijana wanalijua hili kuliko mimi. Lakini gari lililozama nusu tairi ni bei ya soda, na lililokalia tumbo ni bei ya karo. Ndiyo maana wanapiga makofi.

Sasa nije kwa shemeji yangu. Kaka wa mke wangu. Simtaji jina kwa sababu ya amani ya nyumba.

Shemeji alinunua fowili akasomea uendeshaji kwenye video za simu, jangwa la Arabuni, milima ya Australia. Huko kote hakuna bahari inayokwenda na kurudi. Akaja siku ya bamvua, mwezi mpevu, saa nne asubuhi. Mnajua pwani yetu siku za bamvua: maji yanapwa mpaka unaona mwamba, mchanga umebaki mpana, mgumu, unang'aa. Akaniita, "Shemeji, njoo uone uwanja wa ndege!" Na kweli, mchanga ule wa maji ni mzuri kuendeshea kuliko ule mkavu wa juu. Isitoshe kule juu ya alama ya maji ya kujaa ndiko kasa wanakotaga mayai, hutakiwi kupita na magurudumu yako. Mpaka hapo alikuwa sawa.

Kosa lake alipaki. Akatandika mkeka, akafungua viazi karai, akapiga picha gari likitazama bahari, akapiga picha bahari ikitazama gari. Nikamwambia, shemeji, gari lisilotembea kwenye mchanga wa maji linazama lenyewe, taratibu. Akanijibu kwamba gari lina tani 2, halisogezwi na povu. Nikamwambia waulize wavuvi wale. Akasema ana programu ya hali ya hewa kwenye simu. Programu ikamwambia jua, nyuzi 31, hakuna mvua. Ilikuwa kweli tupu. Haikuulizwa habari za maji kujaa.

Huku kwetu siku za bamvua maji yanapanda zaidi ya mita 3, na yakikauka saa nne asubuhi ujue saa kumi alasiri yamejaa. Hayaji kwa kelele, yanaanza kwa vimto vidogo vinavyokuzunguka kwa nyuma. Mvuvi mmoja alipita na nyavu begani, akatazama gari, akatazama bahari, akasema "yaja," akaendelea na safari yake. Shemeji akamwitikia kwa mkono. Alidhani anasalimiwa.

Ilipofika saa saba magurudumu ya nyuma yalikuwa ndani ya maji na ya mbele yameshazama. Ndipo akakumbuka jeki. Jeki mchangani! Akaizungusha, gari halipandi, jeki inashuka. Alikuwa akiipandikiza kama mche. Sharti uweke ubao mpana chini yake. Ubao uko wapi? Akatuma mtoto kwangu, na mke wangu bila hata kunitazama akamkabidhi ubao wangu wa kukatia nguo, mninga, niliourithi kwa marehemu baba. Una alama ya jeki katikati mpaka leo. Wateja wanafikiri ni urembo.

Kisha kamba. Trekta lilipatikana, bei nisiiseme, na kijana wa trekta akaleta kamba ya nanga. Shemeji akakimbilia kuifunga kwenye kile kichwa cha kuvutia trela. Hapo nilipiga kelele mpaka nikakohoa. Kile kichwa kikikatika wakati kamba imekaza kinaruka kuliko risasi, kinaingia kioo cha mbele na kutokea cha nyuma, na watu wamekufa hivyo. Kamba inafungwa kwenye ndoana iliyofungwa kwa bolti kwenye chasi yenyewe. Watu wote wasimame mbali, mbali kuliko urefu wa kamba, na hapo katikati ya kamba utundike kitu kizito, blanketi au koti, ili ikikatika ianguke chini isichape watu.

"Koti nitapata wapi?" akauliza shemeji.

Nimeshasema kazi yangu ni ipi. Koti lilikuwapo barazani, suti ya bwana harusi, limebaki vifungo tu. Sitaki kulizungumzia.

Gari likatoka. Nikamwambia leo hii hii, shemeji, lioshe kwa maji matamu, chini kwenye chasi, kwenye springi, kwenye breki, chumvi isilale. Akaliosha. Paa, milango, vioo, na ile picha ya simba (ndiyo, na yeye anayo). Chini hakugusa, kwa sababu chini hakuonekani. Sasa likipita linalia, na ananiuliza mimi linalia nini.

Hajakoma. Anataka kwenda Marafa kuona yale makorongo mekundu ya Nyari, na mvua zimeshaanza. Udongo ule ukilowa ni sabuni. Nimemweleza ninayoyajua: kwenye mteremko weka gia ya kwanza, kile kigingi cha pili kikiwa upande wa nguvu, ondoa mguu kwenye klachi, injini ndiyo ikushike, breki uziguse kwa shida tu. Shuka wima, usikate mteremko kwa ubavu, utabingirika. Ukipanda ikakushinda, rudi nyuma wima vile vile na gia ya rivasi, usibonyeze klachi ukajiachia. Dole gumba zisikumbatie usukani ndani, gurudumu likigonga jiwe usukani unarudi kwa nguvu na kukuvunja kidole. Mwisho nikamwambia asiende peke yake, waende magari mawili.

Akaniuliza kuhusu kuvuka maji. Amesoma mahali kwamba kabla ya kuingiza gari mtoni ushuke, uingie kwa miguu na fimbo, upime kina na uone kama chini kuna mawe. Ushauri mzuri kwa kijito. Lakini aliyeuandika hakuwa anaitazama Sabaki, ambamo mna mamba na viboko, na kiboko hapendi kupimwa kina. Pale kuna daraja, upite darajani. Na kijito chochote chenye maji mekundu yanayokwenda mbio, kaa ng'ambo hii usubiri, hata ukilala njaa. Maji yakiingia kwenye mdomo wa kuvutia hewa ya injini, injini imekwisha, na bima itakuuliza ulikuwa unatafuta nini mtoni.

Alinisikiliza vizuri sana, anatikisa kichwa. Kisha akaniambia, "Shemeji, wewe unajua mambo haya. Basi twende wote." Mke wangu, kutoka jikoni: "Ataenda. Jumamosi hana kazi." Jumamosi nina sare za shule nzima!

Ndiyo maana wiki hii nimechukua boksi la katoni nikaandika bei, nikalitundika barazani juu ya cherehani. Ushauri kabla ya kukwama, bure. Ushauri baada ya kukwama, shilingi 200. Kukodi sepetu, 300. Kukodi ubao, 500, na amana. Koti halikodishwi.

Shemeji alikuja jana, akasoma yote polepole, akatabasamu. "Na sisi watu wa nyumbani je?"

Nikamwambia watu wa nyumbani wanalipa kabla hawajawasha gari.