Ndege yetu iko kwa wastaafu wa Surrey

Mimi si mtaalamu wa ndege. Nilikuja Uingereza kubeba boksi kama wengine, na boksi nimebeba kweli: kwanza ghala la mboga, halafu nyumba ya kulea wazee, na huko ndiko ugonjwa huu wa kupenda ndege uliponipata. Kulikuwa na babu mmoja, fundi mstaafu, hakumbuki kama amekunywa chai au bado, lakini akisikia mngurumo juu ya paa anakutajia aina ya ndege kabla hujaiona dirishani. Mwanawe ndiye aliyenialika kwenye maonyesho ya ndege ya Dunsfold, huku mkoa wa Surrey, miaka michache kabla ya korona.

Kwa asiyeyajua, maonyesho haya ni nusu gwaride, nusu pikiniki. Watu wanakuja na viti vya kukunja, chai ya chupa, mikate iliyofungwa kwenye karatasi, mbwa na darubini. Kwetu ndege za jeshi tunaziona zikipita juu ya uwanja sikukuu ya Uhuru, tunashangilia, basi. Hawa wanakaa kutwa. Nilidhani nitasikia sifa za ndege zilizoshinda vita, kumbe saa nzima nimekaa katikati ya wazee watatu wanaobishana ni ndege gani ya Kiingereza iliyochemsha kuliko zote. Ule ubishi wetu wa Simba na Yanga, ila wao kila mmoja anatetea timu iliyoshuka daraja.

Wa kwanza alikuwa upande wa Brabazon. Mabawa yake mita 70 toka ncha hadi ncha, injini 8, abiria 100 tu. Ili iweze kupaa pale Filton, karibu na Bristol, kijiji cha Charlton kilibomolewa kupisha njia ya kurukia. Iliruka mwaka 1949, haikupata mnunuzi hata mmoja, na mwaka 1953 ikakatwakatwa. Wa pili akamcheka: Princess je? Hiyo ilikuwa ndege ya kutua majini, injini 10, imeruka mwaka 1952 wakati mashirika yameshahamia viwanja vya nchi kavu. Zilitengenezwa tatu, ikaruka moja. Wa tatu hakucheka. Yake ni TSR-2, ndege ya kivita iliyoruka Septemba 1964 na kufutwa Aprili 1965, siku ya bajeti. Mbili zimebaki kwenye makumbusho, Duxford na Cosford, na huyu mzee huenda kuzitazama. Sauti ilimkwama. Mtu mzima, miaka sabini na ushee, analilia ndege iliyokufa haijamaliza hata majaribio.

Kisha akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu Tanzania. Akaweka kikombe chini. "Basi twende ukaone mali yenu."

Mali yetu ilikuwa imeegeshwa pembeni, kubwa, rangi ya kijivu cha jeshi, injini nne zimebanwa mkiani mbili mbili. Ilikuwa VC10, ndege ya abiria ya Kiingereza. Ubavuni imeandikwa ZA150, jina la jeshini, lakini wale wazee wa kujitolea wanaoitunza wanaijua kwa jina la kuzaliwa: 5H-MOG. Hiyo 5H ni Tanzania. Ilikuwa ya East African Airways, shirika letu sisi watatu, Kenya, Uganda na Tanzania, na ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa, mwaka 1970. Shirika lilinunua tano za aina ya Super, na usajili ukagawanywa kati ya nchi tatu, 5X Uganda, 5Y Kenya, 5H kwetu, kama nyama ya shughuli, kila mlango upate.

Ndege hii nayo kibiashara ilichemsha, na ilichemsha kwa sababu yetu. Miaka ya hamsini BOAC, shirika la ndege la Uingereza, walitaka ndege ya jeti itakayoweza kupaa katika viwanja vya joto na mwinuko, vyenye njia fupi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, bawa halipati cha kushikilia, injini inakosa pumzi. Wahandisi wa Vickers, kampuni iliyoiunda, wakahamishia injini mkiani ili bawa lote libaki huru kwa kazi yake, na kazi ikafanyika. Lakini ndege ilipokuwa bado inaundwa, viwanja vikawa vinarefushwa. Njia ikiwa ndefu, Boeing 707 nayo inapaa, tena kwa mafuta machache zaidi. VC10 zikatengenezwa 54 tu. Kwa hiyo kuna watu Surrey walioumiza vichwa miaka kadhaa kwa ajili ya jua la Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, na Embakasi ikawatatulia tatizo kwa lami.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na shirika likafa nayo. Super VC10 nne zilizobaki zikarudi Uingereza, zikageuzwa kuwa za kujazia nyingine mafuta angani. Ya tano ilikuwa imeshateketea Addis Ababa, Aprili 1972, watu 43 wakafa. Hiyo 5H-MOG imefanya kazi jeshini hadi Septemba 2013, ikatua Dunsfold na kukabidhiwa makumbusho ya Brooklands.

Sasa niseme kilichonileta hapa. Tukiwa huku ughaibuni tunalinganisha mshahara, barabara, hospitali, baridi. Kitu nilichowaonea wivu mimi Waingereza ni namna wanavyokaa na mambo yaliyowashinda.

Nimezaliwa Kongwa. Mtu wa Kongwa haambiwi na mtu juu ya kushindwa. Mwaka 1947 Waingereza haohao walikuja kufyeka pori la Wagogo walime karanga, na hadi wanafunga vitabu mwaka 1951 pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda na maji. Kati ya matrekta yao yalikuwemo yaliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman, yakiitwa Shervick, na aliyeyaunda ni Vickers, huyuhuyu wa VC10. Nilipowaambia wale wazee, walifurahi kama watoto. Mmoja alitoa daftari akaandika. Alitaka kujua kama kuna hata moja limebaki. Mimi nimekulia pale, nimechunga mbuzi pale, sijawahi kuonyeshwa na mwalimu wala mzee kwamba hapa ndipo, na chuma hiki ndicho. Vyuma tulivyovikuta tuliuza kwa kilo.

Watu watasema huo ulikuwa upumbavu wa mkoloni, tuutunze sisi wa nini? Sawa. Na East African Airways? Hilo halikufa mikononi mwa mkoloni, lilikuwa letu, na lilipokufa tukafanya kama msiba wa mtu aliyejinyonga: tukazika haraka, tusiulizane.

Huku wakishindwa wanafungua. Mei 2, 1952, jeti ya kwanza duniani ya abiria wa kulipa nauli, Comet, ilitoka London kwenda Johannesburg na ikapita Entebbe, kwetu kabisa. Januari 1954 ndege ileile ikapasukia angani karibu na kisiwa cha Elba, watu 35. Aprili ikaanguka Comet nyingine, watu 21. Pale Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege, wakachukua kiwiliwili cha Comet nyingine, wakakizamisha kwenye tangi la maji, wakawa wanakijaza presha na kuitoa, kujaza na kuitoa, kana kwamba inapaa na kutua, mpaka ikachanika. Ukijumlisha na safari ilizokwisha kuruka kweli, ilikuwa mara ya 3,057. Chuma kilikuwa kimechoka. Yote wakayaandika hadharani, na Wamarekani nao wakayasoma. Comet iliyotengenezwa upya ndiyo East African Airways waliyoanza nayo jeti mwaka 1960.

Sisemi Waingereza malaika. Hobi ya kung'arisha ndege iliyokufa inataka pensheni na gereji, na kwetu mstaafu anafukuzia mafao yake. Tena wanachagua cha kulilia: yule wa TSR-2 kosa lote anawatupia wanasiasa, fundi hakosei. Na maonyesho yenyewe yana damu. Farnborough 1952 ndege ilisambaratika ikaua watazamaji 29 pamoja na wawili waliokuwa ndani. Shoreham 2015 wakafa 11, wote walikuwa barabarani, nje ya uwanja.

Hata hivyo mtoto wa huku anainuliwa na babu yake hadi kwenye kiti cha rubani, anashika usukani. Mimi nikiwa kidato cha pili nilipiga picha ndege uwanja mmoja wa nyumbani, nikalala selo. Na kijana wa Bongo au Kenya anayeunda helikopta ya mabati na injini ya pikipiki, isipopaa tunarusha video na vikaragosi vya kucheka. Hakuna anayeuliza propela aliipimaje. Lile swali ndilo lililowakalisha wazee watatu saa nzima kwenye viti vya kukunja.

Jioni ile wahudumu wa VC10 waliwasha injini. Nilisikia kifuani kabla ya masikioni. Nikampigia mjomba, Dar. Mjomba alikuwa fundi Embakasi, alirudi 1977 na begi moja.

"Shikamoo mjomba. Sikiliza." Nikaielekeza simu.

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Injini hizo ni Conway," akasema. "Ipi hiyo?"

"Mike Oscar Golf," nikamtajia MOG kwa lugha ya marubani.

Akanyamaza tena. Nikamsikia anamwambia mtu apunguze redio.

"Na mafuta," akauliza, "mafuta analipa nani?"

Nikamwambia kuna ndoo ya plastiki pale chini ya ngazi, watu wanatumbukiza sarafu.

"Basi nitilie na mimi," akasema. "Nitakurudishia."